Kuondoka Penye Ajali ya Gari Zanzibar: Sheria Inamtaka Dereva Afanye Nini

Madereva wengi wa Unguja na Pemba wanaamini kwamba aliyegonga ana mawili tu ya kuchagua: asimame apigwe, au akimbie anusurike. Imani hiyo imewatia baadhi yao katika kesi ambazo wasingekuwa nazo, kwa sababu lipo jambo la tatu, nalo ni kuondoka mahali pa ajali kwa sababu inayoeleweka na kujipeleka mwenyewe moja kwa moja kituo cha polisi. Dereva aliyefanya hivyo ameondoka. Dereva aliyekwenda kulificha gari nyuma ya nyumba na kuzima simu amekimbia. Gari zote mbili zimeacha mahali palepale, pengine kwa dakika zilezile, lakini mbele ya sheria watu hawa wawili hawafanani hata kidogo, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kubaki upande wa yule wa kwanza.

Kabla ya hayo, tuelewane ni sheria ipi inayozungumzwa. Maelezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yanataja Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni sheria ya Tanzania Bara. Mambo ya barabara hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake. Kwa hiyo anayekutajia kifungu au kiwango cha faini alichokisikia kwa jamaa yake wa Dar es Salaam, hata kama amekinukuu sawasawa, amekupa dawa ya maradhi ya mtu mwingine. Jeshi la Polisi, kwa upande wake, ni la Muungano. Dereva anayegonga mtu Unguja akapanda boti ya alfajiri bandarini Malindi, au anayetoka Wete kuvuka kwenda Tanga, amebadilisha mahali tu. Askari atakaowakuta ng'ambo ni wa jeshi lilelile alilolikimbia.

Wajibu unaomwangukia dereva

Ajali ikitokea na mtu akaumia, au mali ikaharibika, dereva anatakiwa asimame, amsaidie aliyeumia kadiri ya uwezo wake, ajitambulishe kwa jina, anwani na namba ya chombo kwa anayehusika, na aifikishe taarifa polisi bila ya kuchelewa. Kanuni hii haikuzuliwa hapa petu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema karibu maneno hayohayo katika ibara yake ya 31, na unaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: dereva anaweza kutoka mahali pa ajali ikiwa anakwenda kumsaidia majeruhi, au ikiwa yeye mwenyewe anahitaji matibabu. Katika nchi nyingi, basi, kinacholengwa na sheria si kumfunga dereva kamba pale aliposimama, bali kuhakikisha kwamba majeruhi hatelekezwi na ukweli haupotei.

Neno mali lichukuliwe kwa upana wake. Uzio wa makuti ni mali, banda la muuza urojo ni mali, na ng'ombe aliyefungwa kamba kando ya barabara ni mali ya mtu. Katika msimu wa karafuu Pemba, ambapo majamvi hutandazwa pembeni ya lami ili karafuu zikauke, dereva anayepita juu ya jamvi na kuzisaga karafuu za mtu amesababisha hasara inayomlazimu kusimama, ingawa hakuna tone la damu lililomwagika. Mwenye mali asipoonekana, njia iliyo nyepesi ni kumtafuta sheha, yaani kiongozi wa shehia ile, kumwachia jina lako na namba ya gari, kisha kupita kituoni ukaandikishe taarifa. Na anayemgonga kima punju karibu na Jozani asimsukume mtaroni akaenda zake; yule ni mnyama anayelindwa, na ofisi ya hifadhi ipo palepale barabarani.

Kosa linalosimama peke yake

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote, na ndipo watu wanapokosea zaidi. Kukimbia ni kosa peke yake, mbali na swali la nani aliyesababisha ajali.

Tuchukue mfano. Dereva wa gari ya mchanga anatoka Fuoni usiku, mwendo wake ni wa kawaida, taa zake zinawaka. Mtu wa baiskeli isiyo na taa anakatiza ghafla kutoka kichochoroni, anagongwa, anavunjika mguu. Lau dereva huyu angesimama, upimaji wa trafiki ungeonyesha alama fupi za breki upande wake halali, baiskeli isiyo na taa ingelala palepale, mashahidi wangesema walichokiona, na huenda asingeshitakiwa kabisa. Lakini alitia gia akaenda. Asubuhi alama zimefutwa na magari mengine, baiskeli imeshachukuliwa na ndugu wa majeruhi, na mashahidi waliobaki ni wale waliomwona akikimbia. Sasa ana kosa ambalo hawezi kulikana, na utetezi wake wa kweli kuhusu ajali yenyewe ameuacha barabarani. Dereva huyu hakukimbia kosa. Alikimbia ushahidi wake mwenyewe.

Ikiwa kweli dereva ndiye mwenye makosa, kukimbia kunaongezwa juu ya shitaka la msingi, liwe la kuendesha kwa uzembe, la kuendesha kwa hatari, au la kusababisha kifo kwa uendeshaji huo. Mahakama inaweza kutoa adhabu ya faini au kifungo kwa kadiri ya kosa, na leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa, jambo ambalo kwa anayekula kwa usukani ni kufungiwa riziki. Aidha, mwenendo wa mtu baada ya tukio ni kitu ambacho mahakama inaruhusiwa kukitazama. Kukimbia peke yake hakuthibitishi kwamba ulikuwa mzembe, lakini kunampa mwendesha mashitaka swali ambalo ni gumu kulijibu: kama hukuwa na la kuficha, kwa nini hukusimama? Wapo watakaosema ulikuwa umelewa, na wewe ndiye uliyeiondoa nafasi ya kupimwa ukaonekana hukunywa kitu.

Athari nyingine haizungumzwi sana, nayo ni dhamana. Anayeamua kukupa dhamana, akiwa polisi au mahakamani, hujiuliza kwanza kama utarudi siku utakayotakiwa. Aliyetafutwa siku nne akakamatwa shambani kwa mjomba wake ameshajibu swali hilo kabla ya kuulizwa.

Pale pale barabarani

Simamisha chombo mahali ambapo hakitasababisha ajali nyingine, washa taa za tahadhari, na weka alama ya pembetatu nyuma na mbele. Ukiwa huna, matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani kwa umbali wa kutosha yanaeleweka na kila dereva wa visiwa hivi. Zima injini. Usiisogeze gari kwanza ikiwa mtu ameumia vibaya au amefariki, isipokuwa ipo haja ya kumtoa mtu chini yake au hatari ya wazi kwa wengine.

Majeruhi asinyanyuliwe kwa pupa na watu sita waliomshika kila mmoja kiungo chake. Akiwa anapumua na hapana moto wala gari zinazomjia, ni bora abaki alipo, kichwa na shingo visitikiswe, damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi, na msaada uitwe. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Hata hivyo, tuseme kweli: ukiwa Makangale au Kizimkazi usiku, gari ya wagonjwa inaweza kuchukua muda mrefu, na mara nyingi gari ya kwanza kufika hospitali huwa ni hiyohiyo iliyogonga au ya mpita njia. Ikibidi umchukue wewe, piga picha kwanza za gari zilivyosimama, alama za breki, vioo vilivyotawanyika na namba za vyombo vyote, au weka mawe mahali matairi yaliposimama. Mwombe mtu mzima mmoja, na akiwepo sheha ndiyo bora zaidi, abaki hapo na achukue namba yako ya simu. Kisha nenda hospitali iliyo karibu, iwe Kivunge, Makunduchi, Mnazi Mmoja, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, na ukishamkabidhi majeruhi kwa wauguzi uelekee polisi. Usiondoke hospitali kimyakimya. Waambie wewe ni nani na kwamba wewe ndiye dereva.

Matibabu ya majeruhi wa ajali huambatana na fomu ya polisi ambayo watu wote wanaiita PF3. Fomu hiyo hutolewa kituoni, hujazwa na daktari, na baadaye ndiyo inayoeleza mahakamani na kwa kampuni ya bima ni majeraha gani yaliyopatikana. Dereva aliyewahi kuripoti huwarahisishia majeruhi na jamaa zake kuipata. Dereva aliyekimbia huwaacha wakizunguka na mgonjwa mkononi, wakiulizwa ni gari gani iliyomgonga na hawana la kujibu.

Wakati wa kungoja, andika majina na namba za simu za watu wawili watatu walioona, hasa wasio jamaa zako wala wa upande wa pili. Sema kwa adabu, toa pole, lakini usisimame katikati ya barabara ukatangaza kwamba kosa ni lako au ni la mwenzako. Hilo si ujanja: wewe mwenyewe, ukiwa na mshituko, huwezi kujua yote yaliyotokea, na mikataba ya bima kwa kawaida inamkataza mwenye gari kukubali dhima bila ya kampuni kujua.

Ikiwa kubaki ni hatari

Hofu ya kupigwa si ya kubuni, na mwongozo unaojifanya haijui hauna faida kwa dereva. Watu wakikusanyika kwa hasira, mawe yakaanza kuonekana mikononi, au gari ikaanza kupigwapigwa, ondoka. Lakini ondoka kwa namna itakayojieleza yenyewe.

Ukitoka, elekea kituo cha polisi kilicho karibu zaidi na njia yako, si nyumbani, si kwa mwenye gari, wala si gereji. Piga simu 112 ukiwa njiani, au mpe simu utingo au abiria apige, kwa sababu saa ya simu hiyo itabaki kuwa shahidi wako. Ukifika kituoni, iwe Mwera, Mahonda, Mkokotoni, Konde au popote, sema maneno matatu ya msingi: nimegonga mahali fulani, kuna aliyeumia, nimeondoka kwa kuhofia usalama wangu. Omba askari wapelekwe pale na gari ya wagonjwa iitwe. Hakikisha taarifa imeandikwa katika kitabu cha taarifa na upewe namba yake, uiandike na uipigie picha. Gari ibaki kituoni kama ilivyo, na damu au kioo kilichovunjika kisiguswe, maana mkaguzi wa magari atataka kuiona katika hali hiyo, akipima breki, usukani, taa na matairi.

Kosa dogo linaloharibu kila kitu ni la kusema, "Nitapita nyumbani dakika tano nibadilishe nguo." Dakika hizo tano ndizo utakazoulizwa mahakamani. Na siku hizi mjini zimewekwa kamera za ulinzi, na watu wenye simu wako kila kona, kwa hiyo njia uliyopita inaweza kuonekana hatua kwa hatua.

Ikiwa umeshaondoka bila ya kuripoti

Huenda unayasoma haya ukiwa tayari umo katika hali hiyo, nawe hujalala. Ushauri ni mmoja: nenda leo. Saa sita za kuchelewa zinaelezeka kuliko siku mbili, na siku mbili zinaelezeka kuliko kukamatwa. Kujisalimisha hakufuti kosa la kutosimama, lakini ni jambo ambalo wakili wako anaweza kulitaja kwa ajili yako wakati wa dhamana na wakati wa adhabu. Ukikamatwa, hana la kutaja.

Usiioshe gari, usibadilishe taa iliyovunjika, usiipake rangi, usifute ujumbe katika simu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kugeuka kuwa shitaka jipya la kuharibu ushahidi. Zaidi ya yote, usikubali ile mipango ya vibarazani ya kumtafuta mtu mwingine aseme kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, ati kwa sababu ana leseni na wewe huna, au kwa sababu hana familia na wewe unayo. Kuwapa polisi taarifa ya uongo ni kosa la jinai kwa mnayeshirikiana naye na kwako pia, na mipango hiyo haidumu. Mashahidi wawili tu wakieleza umbo la dereva inavunjika.

Nenda na mtu mzima unayemwamini au, ikiwezekana, wakili. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1992 na inayowasaidia watu wa Unguja na Pemba, au awatafute wasaidizi wa sheria wa eneo lake. Polisi watakapoandika maelezo yako, una haki ya kuyasoma au kusomewa kabla ya kutia saini, na kusahihisha lililoandikwa kinyume na ulivyosema. Kusema kwamba wewe ndiye uliyeendesha na kutaja mahali na saa hakukuzuii kungoja wakili kabla ya kujibu maswali marefu ya mwendo na breki.

Mwenye gari na bima

Namba ya gari iliyoonekana inamfikisha askari kwa mwenye gari kwanza, si kwa dereva. Ukibishiwa hodi, mtaje uliyemkabidhi funguo. Kumficha ni kujiingiza. Aliyemwajiri dereva aelewe pia kwamba katika madai ya fidia mwajiri hubeba dhima ya uzembe alioufanya mtumishi wake akiwa kazini, kwa hiyo dereva wa gari ya abiria anayekimbia anamwachia tajiri yake deni. Wenye magari na vespa za kukodisha kwa wageni Nungwi na Paje wangefanya vyema kumwandikia mgeni katika karatasi ya mkataba kwamba akigonga asimame na apige simu, pamoja na kuhakikisha ana kibali halali cha kuendesha hapa, kwa sababu mgeni asiye na kibali ndiye mwepesi zaidi wa kukimbia.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, na kazi yake ni kumlipa aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali, si kukutengenezea gari yako. Kampuni itataka taarifa mapema, ripoti ya polisi na ripoti ya ukaguzi wa gari. Dereva aliyekimbia huwa amevunja masharti ya mkataba, na matokeo yake yanaweza kuwa kampuni kukataa kumlipa yeye, au kumlipa majeruhi kisha kumgeukia mwenye gari arejeshe fedha.

Kwenda kutoa pole, na suluhu

Desturi yetu inataka aliyegonga aende hospitali kumkagua mgonjwa, na kukiwa na msiba aende na wazee wake kutoa ubani. Si vibaya, na wala si kukiri kosa. Ila usiende peke yako siku ya kwanza. Mtume sheha au mzee anayefahamika na pande zote atangulie aulizie kama mtapokelewa. Wafiwa nao wakumbushwe kwa upole kwamba pamoja na haraka yetu ya kuzika, maiti ya ajali inapaswa kuonwa na daktari kwanza na polisi wapate taarifa, kwani kaburi likishafukiwa, sababu ya kifo huwa vigumu kuithibitisha, na wanaoumia hapo ni warithi wenyewe wanaodai fidia.

Familia mbili zikikaa zikapatana, mapatano hayo yanahusu fidia. Hayaifungi Serikali. Shitaka la jinai liko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kulifungua, kuliendeleza au kuliondoa, na mzazi wa majeruhi hawezi kulifuta kwa kusema amesamehe, ingawa msamaha wake unaweza kuzingatiwa. Fedha zikitolewa, ziandikwe: kiasi gani, kwa ajili ya nini, kama ni sehemu ya fidia au ni ubani tu, nani ametoa na nani amepokea, mbele ya sheha na mashahidi wa pande zote mbili. Nakala moja ibaki kwa kila upande, ya tatu ipelekwe kwa askari mpelelezi ikaingizwe katika jalada, na ya nne ipelekwe kampuni ya bima kabla ya fedha hizo kutoka, ili isije ikasema baadaye kwamba mlipatana bila ya kuishirikisha.